Mkono wa Waziri Katika Soseji

Kila asubuhi, kabla mashine hazijaanza kupiga kelele, Siwema alivua pete, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akafuta mizani kwa kitambaa cheupe, kisha akafungua mkebe wa chumvi ya waridi. Alichota kijiko kimoja kidogo, akakisawazisha kwa ubapa wa kisu, akakimimina kwenye bakuli la chumvi ya kawaida, akakoroga, akafunga mkebe. Hapo ndipo alipovuta pumzi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kama kufunga kifungo cha shati, lakini Siwema aliifanya kama mtu anayevuka barabara na mtoto wa watu mkononi.

Asubuhi ninayoisimulia, kijiko kilikuwa bado hewani ving'ora vilipolia getini.

Ngoja kwanza nieleze, maana si wote mnaoishi kwetu. Nchi yetu haikosi kitu. Tuna Wizara ya Nyama na Maadhimisho. Tuna kiwanda kimoja cha soseji, mali ya umma, na tuna watoto wa chekechea ambao serikali, kwa upendo wake, huwalisha soseji hizo mchana. Siwema alisomea sayansi ya chakula chuoni, akaajiriwa kiwandani kuwa mpimaji. Alikuwa msichana mpole kupita kiasi. Akikanyagwa mguu kwenye foleni, yeye ndiye aliyeomba radhi.

Na chumvi ya waridi si adui wa mtu. Ikitiwa kidogo kwenye nyama ya kusaga, inazuia vijidudu vibaya sana vinavyopenda kukaa ndani ya pakiti iliyofungwa, na inaifanya soseji ibaki na wekundu wake badala ya kuwa na rangi ya mvi. Ikizidi, ni sumu. Wataalamu walioitengeneza waliipaka ile rangi makusudi, ili mtu yeyote, hata mwenye haraka, akiiona ajue kwamba hii si ya mezani, hii usiiguse ovyo. Lilikuwa wazo zuri. Walisahau tu kwamba kuna nchi ambazo kitu chenye rangi nzuri huitiwa mpiga picha.

"Waziri!" Meneja wa kiwanda, Bwana Ngwenje, aliingia mbio, tai imemzunguka hadi mgongoni. "Waziri yuko getini! Hakutoa taarifa! Siwema, tuna kitu gani cha kuzindua?"

"Hatuna, bosi."

"Jiwe la msingi?"

"Jengo lilishakwisha, bosi."

"Mti wa kupanda basi! Hakuna mti?"

"Sakafu yote ni saruji."

"Utepe je? Utepe hatukosi!"

"Uliobaki tumefungia mlango wa friji, bosi. Kitasa kilivunjika."

Bwana Ngwenje alishika kichwa. Kwetu, kiongozi akitembelea mahali bila kufanya tendo lolote mbele ya kamera, husemwa kwamba hakufika. Mameneja wamefukuzwa kazi kwa sababu mgeni rasmi hakufika wakati alikuwa amekaa pale siku nzima, akala, na akafungashiwa.

Mheshimiwa Gwaride, Waziri wa Nyama na Maadhimisho, aliingia akifuatwa na wasaidizi, na wasaidizi wakifuatwa na kamera. Mpiga picha alichungulia ndani ya kichanganyio, ile mashine yenye mapanga inayozungusha nyama iliyosagwa, akakunja uso.

"Mheshimiwa, hii tukiirusha kwenye taarifa ya habari watu watadhani ni ajali."

Waziri alitazama huku na huku, akionekana kukosa raha, kama bwana harusi aliyeletwa kwenye ukumbi usio wake. Macho yake yakaangukia mkebe.

"Na hiki kizuri hiki ni nini?"

"Ni kiungo, Mheshimiwa," alisema Bwana Ngwenje.

"Kinatiwa wapi?"

"Humo humo kwenye nyama, Mheshimiwa."

"Kamera!"

Siwema alisogea hatua moja. "Mheshimiwa, samahani sana, kwa heshima zote, ile huwa tunatumia kijiko, na ina mambo yake, yaani, inahitaji utulivu kidogo..."

"Mwananchi wa kawaida hutumia kijiko," alisema Waziri kwa upole. "Serikali hutumia mkono."

Akazamisha mkono, akauinua umejaa, chumvi ikimwagika katikati ya vidole kama petali. Picha ilipendeza mno. Kesho yake ilikuwa ukurasa wa mbele. Waziri alifuta vidole, akasema maneno machache kuhusu uchumi, akaondoka na boksi la soseji za juzi.

*

"Bosi, hii nyama itupwe," alisema Siwema. Kwa kweli hakusema hivyo. Alisema, "Bosi, hii nyama nadhani ingefaa itafakariwe."

"Imeshatafakariwa na Waziri," alijibu Bwana Ngwenje. "Unajua maana ya kumwaga nyama iliyotiwa mkono wa Waziri? Mwaga tu, halafu tuone nani atakuja kukutembelea huko utakakokuwa."

Siwema alisimama mbele ya kichanganyio akipiga hesabu kichwani. Kama chumvi imezidi, na huwezi kuitoa, basi ongeza nyama mpaka chumvi iwe kidogo tena. Alifungua friji zote. Aliomba nyama ya wiki nzima itolewe, ikasagwa, ikachanganywa sehemu kwa sehemu, na wafanyakazi walibaki hadi jioni wakijaza soseji na kulalamika. Alipopima sampuli ya mwisho na kuona kiasi kimerudi pale pale kinapotakiwa, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka peke yake, na machozi yakamtoka.

Hilo ndilo kosa lake. Kwa maana taarifa ya uzalishaji ilifika wizarani, nayo ilisema kwamba siku Waziri alipotia mkono, soseji zilizidi za kawaida mara tano.

Wizara ya Nyama na Maadhimisho ina wasomi. Walikaa, wakajifungia, wakaagiza chai. Wakachunguza kila kitu kilichobadilika kiwandani siku ile, isipokuwa nyama. Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu: mkono. Basi wakahitimisha, kwa kauli moja, kwamba mkono wa kiongozi ukitiwa kwenye soseji huzizidisha.

"Nilikuwa nahisi," alisema Mheshimiwa Gwaride akiutazama mkono wake mbele ya waandishi wa habari. "Tangu utotoni nilikuwa nahisi kuna kitu hapa."

*

Baada ya hapo hatukupumzika. Wakuu wa wilaya walikuja kutia mikono. Wenyeviti wa bodi walikuja, hata wa bodi zilizovunjwa. Alikuja mke wa Waziri na glavu ya hariri, akaombwa aivue, akasema mkono wa mkewe Waziri hauvuliwi hadharani, ikabidi chumvi itiwe na glavu. Alikuja nahodha wa timu ya taifa, ambayo ilikuwa imefungwa. Alitia mikono yote miwili ili kuomba radhi kwa wananchi.

Iliundwa Kamati ya Mikono kupanga nani aanze. Ugomvi mkubwa ulizuka kati ya jaji mstaafu na askofu, kila mmoja akitaka kutanguliwa na mwenzake kwa heshima lakini siyo kwenye picha. Mwishowe walitia pamoja, wakatazama kamera, wakasahau kuacha kutia.

Siwema alizunguka kiwandani kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inavuja kila chumba. Kila mkono ulipoingia, alikimbilia friji. Nyama ilipokwisha, aliomba wanga. Wanga ulipoilegeza soseji, aliomba unga wa soya wa kuishikamanisha. Soya ilipoikausha, aliongeza maji, na maji yalipoanza kuchuruzika akaongeza fosfeti, ile poda inayoyashika maji yasitoke. Sasa ikawa haina ladha, akatia ladha ya moshi kutoka kwenye chupa. Ikawa nyeupe, akatia rangi. Vitu vyote hivyo vinaruhusiwa, kila kimoja kwa kiasi chake, na alivipima kwa uangalifu uleule. Lakini jioni, akiishika soseji moja mkononi na kumkumbuka ng'ombe aliyemwona siku moja kwa mbali shambani kwa babu yake, alishindwa kuona undugu wowote.

Angalau haikuwa na sumu. Alilala akijiambia hivyo. Soseji haina nyama, lakini haina sumu.

Kuna wakati alijaribu ujanja. Alichukua chumvi ya mezani, akaipaka rangi kwa maji mekundu ya maua ya choya, akaimimina kwenye mkebe uleule. Ilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu Kamati ya Mikono iliamua kwamba chumvi ya waridi ni nembo, ikauchukua mkebe wizarani, ikaujaza upya, na kuurudisha ukiwa na koplo mwenye bunduki na ufunguo.

"Afande, naomba tu niuangalie," alisema Siwema.

"Dada, hata mimi siruhusiwi kuuangalia," alijibu koplo akiwa ameupa mgongo. "Naulinda kwa kusikia."

Na kibandiko kikabadilika pia. Sheria yetu ni kali sana kuhusu vibandiko: mlaji ana haki ya kujua kilichomo. Zamani kiliandikwa nyama, maji, wanga, chumvi, vikiwa vimepangwa kuanzia kingi hadi kidogo. Kamati ikaona si haki watu walioingia kwenye soseji wasitajwe. Majina yalianzia juu kwa kufuata vyeo, yakazunguka pakiti, yakaishia chini karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo ilibidi iondolewe kwa sababu ilikuwa imekaa vibaya pembeni ya jina la Waziri.

*

Kisha wanga ukasimamishwa.

Siwema aliipata habari kwenye kikao cha Jumatatu. Bwana Ngwenje aliitangaza akiwa amesimama, na alikuwa amenunua tai mpya yenye picha ya kiganja.

"Wizara inauliza swali zuri sana," alisema. "Kama mikono inazidisha soseji, wanga wa nini? Soya ya nini? Kuanzia leo hatununui. Kununua ni kuonyesha kwamba hatuiamini mikono."

"Bosi," alisema Siwema, na watu wote wakageuka kwa sababu hawakuwa wamewahi kumsikia kikaoni. "Bosi, kwa heshima, mimi nafikiri, kwa kuwa mikono imekuwa mingi, na imetubariki sana, labda ingekuwa vizuri, kama itawapendeza, mikono ipumzike kidogo, halafu nyama iongezwe..."

"Mnasikia?" Bwana Ngwenje aliwageukia wengine, uso umemng'aa. "Msichana huyu ana huruma. Anawahurumia viongozi wetu kwa uchovu. Andikeni: mpimaji ameishukuru mikono kwa niaba ya wafanyakazi."

Makofi. Siwema alikaa. Jirani yake, mama wa kufungasha aliyeitwa Bi. Kibibi, alimgusa bega. "Mwanangu, ulikuwa unataka kusema nini hasa?"

"Hicho hicho, Bi. Kibibi."

"Hapana. Hicho ulichosema mimi nimekielewa vizuri. Nakuuliza ulichotaka."

Siwema alichukua kitambaa chake cheupe, akarudi kufuta mizani.

Bila wanga, soseji zikarudi kuwa chache, kama ilivyotarajiwa na kila mtu aliyewahi kupika uji. Wizara ikashtuka. Wasomi wakajifungia tena, wakaagiza chai tena, wakatoka na jibu: soseji zimepungua kwa sababu mikono haitoshi. Ikaamriwa kila mgeni atie mara mbili.

*

Walioanza kubadilika ni watoto wa Chekechea ya Mfano, ambao kwa upendeleo maalumu hupata soseji za kwanza, zikiwa bado na joto la mikono.

Baada ya chakula cha mchana walichoka. Hawakukimbizana. Mmoja mmoja walikaa chini ya dirisha wakipumua kama waliopanda ngazi, na midomo yao ikawa ya bluu. Mwalimu wao, Mwalimu Mwanaidi, aliwapanguza kwanza akidhani wamenyonya kalamu za wino. Haikutoka.

Sasa, bendera yetu ni ya bluu. Mnaweza kukisia. Mheshimiwa Gwaride alifika pale na kamera kabla ya gari la wagonjwa, ambalo lilikuwa limesimamishwa barabarani ili kupisha msafara wake.

"Tazameni!" alisema, sauti ikitetemeka kwa hisia za kweli, na mimi naamini zilikuwa za kweli. "Vizazi vyote tumewaimbisha watoto wimbo wa taifa ukaishia masikioni. Leo bendera imewaingia hadi kwenye damu!"

Wiki ileile rangi ya mdomo ya bluu ikaadimika madukani. Wabunge walikuja bungeni wamepaka. Mtangazaji wa taarifa ya habari alipaka hadi kwenye meno kwa bahati mbaya, akapandishwa cheo. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyekataa kupaka, akahojiwa kuhusu midomo yake, ana uhusiano gani na nchi jirani zenye bendera nyekundu.

Siwema alikuwa katika foleni ya mkate alipoliona gazeti lenye picha ya watoto wale. Yeye alijua. Alisoma chuoni damu inafanyaje kazi ile chumvi ikizidi: inasahau kubeba hewa. Damu imejaa mwilini, moyo unasukuma, mapafu yanavuta, na hewa haifiki kokote. Watoto wadogo ndio hupigwa kwanza. Alilirudisha gazeti mezani taratibu, akamwambia muuzaji samahani, hakujua kwa nini, akaanza kukimbia.

Alikimbilia wizarani. Msaidizi wa Waziri, kijana mwenye mdomo wa bluu, alimsikiliza kwa adabu zote.

"Nilitaka tu kusema, kama hutojali, kwamba midomo ya wale watoto, pengine, ingefaa iangaliwe."

"Inaangaliwa, dada! Nchi nzima inaiangalia. Tunafikiria stempu."

*

Jumatano simu ilimkuta kiwandani. Ilikuwa Chekechea ya Mfano. Kidawa, mtoto wa dada yake, alikuwa ameanguka akiwa kwenye bembea, na bembea ilikuwa imesimama.

Alipofika hospitali alimkuta Kidawa amelazwa na barakoa ya hewa usoni. Midomo, kucha, hata ncha za masikio, vyote rangi moja. Dada yake, Mwajabu, alikuwa amekaa kitandani ameushika mguu wa mwanawe kama anayeogopa utachukuliwa. Daktari alikuwa anaingiza dawa kwenye mshipa polepole, na dawa yenyewe, kwa maajabu ya sayansi, ni ya bluu pia. Nesi mmoja alipoiona alitaka kupiga picha.

"Ataamka?" aliuliza Siwema.

"Huyu tumemwahi," daktari alisema kwa sauti ya chini. Alimaliza sindano, akamvuta Siwema hadi dirishani. "Wewe ndiye wa kiwandani. Unajua ni nini."

"Najua, daktari."

"Na mimi najua. Mkurugenzi wa hospitali anajua, ndiyo maana yuko likizo. Cheti nimeandika uchovu wa furaha." Alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Nina watoto watatu, dada yangu. Nina nyumba ya serikali. Mimi sijasema kitu hapa."

"Na mimi sijasikia," alisema Siwema kwa mazoea, kisha akajichukia.

Aliporudi kitandani Mwajabu hakuinua kichwa. "Siwema. Nikuulize kitu."

"Niulize, dada."

"Kile chakula ni wewe unakitengeneza?"

Kulikuwa na njia nyingi za kujibu. Chuoni walifundishwa tofauti kati ya mtengenezaji na mpimaji. Siwema alifungua mdomo, akaufunga. Mwajabu alingoja. Alingoja hadi ikawa hakuna tena cha kungojea, akarudi kuushika mguu wa Kidawa.

"Mimi nilikuwa namwambia kila siku," alisema Mwajabu. "Namwambia, maliza soseji yako, imetengenezwa na mama mdogo."

*

Jumamosi ilikuwa Sikukuu ya Mkono.

Ilikuwa mpya, lakini ilitangazwa kuwa ya kale. Mtukufu Rais mwenyewe angetia mkono, na baada yake baraza lote la mawaziri, na baada yao mabalozi rafiki. Soseji za siku hiyo, zilizotiwa mikono mikubwa kuliko yote, zingepakiwa kwenye malori yaliyokwisha kupangwa uani na kupelekwa Jumatatu katika kila chekechea ya nchi, hata zile za mbali ambazo hazijawahi kupata gari la wagonjwa, sembuse dawa ya bluu.

Siwema aliyahesabu malori kwa macho mara moja, akaacha.

"Wewe utatoa neno la shukrani," Bwana Ngwenje alimwambia akimwekea beji kifuani. "Kamati imekuchagua kwa kauli moja. Walitaka mtu ambaye hawezi kuharibu. Nikawaambia ninaye, hata akikanyagwa anaomba radhi."

"Bosi, mimi naomba..."

"Usiombe. Shukuru tu. Kwanza itifaki, halafu ahsante, halafu ahsante sana, halafu unakaa."

Kwetu neno la shukrani hutolewa kabla ya tendo, kwa sababu baada ya tendo mgeni rasmi huwa na haraka. Uwanja wa kiwanda ulijaa. Bendi ilipiga. Kwaya ya wafanyakazi iliimba wimbo wenye beti za kuusifu mkono kidole kwa kidole, na ilipofika kwenye kidole gumba Mtukufu alionekana kufuta jicho. Watoto wa Chekechea ya Mfano walikuwa wamepangwa mbele, wale walioweza kusimama. Kichanganyio kilikuwa kimesogezwa hadi jukwaani, kimefungwa maua, mapanga yake yakizunguka taratibu ndani ya nyama. Koplo alifungua mkebe akiwa ameupa kisogo. Mtukufu aliingiza mkono ndani, akaukunja ngumi, akatulia hivyo akiwatazama wapiga picha, akisubiri ashukuriwe.

"Na sasa, mpimaji wetu!" alitangaza Mheshimiwa Gwaride.

Siwema alipanda ngazi. Kipaza sauti kilikuwa juu mno kwake, kikashushwa, kikapiga yowe, watu wakacheka. Akaishikanisha mikono nyuma.

"Mtukufu Rais," alisema. "Waheshimiwa mawaziri. Viongozi wa dini. Mabalozi. Wageni waalikwa. Itifaki imezingatiwa."

Bwana Ngwenje, nyuma yake, alinong'ona, "Ahsante. Sema ahsante."

"Nimeletwa hapa kushukuru," alisema Siwema, "na sina shukrani."

Watu walipiga makofi, kwa sababu kwetu msemaji akinyamaza hupigiwa makofi.

"Msipige makofi. Naombeni... Hapana, siombi. Msipige makofi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa cha serikali, kikaifikisha hadi kwenye malori. "Waziri alipokuja mara ya kwanza nilimwambia chumvi hii inahitaji utulivu. Nilikuwa namaanisha ni sumu ikizidi. Kikaoni nilisema mikono ipumzike. Nilikuwa namaanisha mmezidisha, na mnajua mmezidisha. Nilikwenda wizarani nikasema midomo ya watoto ingefaa iangaliwe. Nilikuwa namaanisha hawapati hewa. Si bendera ile. Hawapati hewa."

Bendi, kwa kuchanganyikiwa, ilianza kupiga. Hakuingoja iache, alipandisha sauti juu yake, na hapo ndipo tulipogundua kwamba alikuwa nayo.

"Mikono haikuzidisha soseji hata moja! Ni mimi niliyeongeza nyama, nikaongeza wanga, nikaongeza maji, ili nisiseme. Kidawa wa dada yangu yuko wodini. Dada aliniuliza kama chakula kile nakitengeneza mimi, nikanyamaza. Ndiyo, Mwajabu. Ni mimi. Nilikitengeneza nikijua. Hii nyama isiende popote, imwagwe hapa hapa mbele ya watu. Akina mama, waambieni watoto wenu, Jumatatu wakipewa soseji, wasile. Na wewe, Mtukufu, toa mkono wako kwenye mkebe."